Kikulacho Ki Nguoni Mwako
Somo juu ya kuuchunguza moyo kila jioni

Katika nchi ya Goma, chini ya milima ya moto, yako mauti yasiyoonekana kwa macho. Wenyeji huyaita mazuku. Ni hewa itokayo katika nyufa za ardhi, isiyo na rangi. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ivutwayo na watu, hushuka na kutulia mabondeni na mashimoni, kama maji yatuliavyo katika bakuli. Mbuzi aingiaye humo alfajiri, upepo ukiwa haujavuma, hulala asiinuke tena. Mtoto aweza kufa mahali pale pale ambapo baba yake amesimama salama, kwa sababu kichwa cha baba ki juu ya hewa ile, na kichwa cha mtoto ki ndani yake.

Watu huuogopa mlima kuliko mazuku, maana mlima waonekana. Lakini hata mlima huwadanganya wautazamao. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo haukumwagika kutoka kinywani mwa mlima, ambako watu walizoea kuuona wekundu wake usiku. Ubavu wa mlima ulipasuka, nyufa zikashuka upande wa kusini hata karibu na mji, na mawe yaliyoyeyuka yakapita katikati ya Goma. Yakateketeza nyumba na maduka, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu pia, kisha yakaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ubavu ulipasuka tena. Mara zote mbili hatari ilitokea chini, karibu na milango ya watu.

Moyo wa mtu ni nchi ya namna hiyo. Mkatekumeni akiulizwa na katekista, “Wewe una dhambi gani?” mara nyingi hutazama juu, kwenye kinywa cha mlima: “Mimi sikuua. Sikuchoma nyumba ya mtu. Sikumwendea mganga wa uchawi.” Asema kweli, naye Mungu ashukuriwe. Lakini hajatazama ubavuni. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wala hawakusema ki katika nguo za jirani.

Mfalme aliyemhukumu mtu asiyemjua

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli imeandikwa habari ya mfalme Daudi. Alimtwaa mke wa Uria, askari wake mwaminifu. Kisha, ili jambo lisijulikane, akaagiza Uria awekwe mahali pa vita vikali ili afe. Uria akafa. Daudi akamwoa mjane, na mtoto akazaliwa.

Hapo msomaji asimame kidogo, ahesabu miezi. Mtoto amekwisha kuzaliwa! Muda wote huo Daudi aliketi katika kiti chake, akaamua mashauri ya watu, akamwomba Mungu, akala na kulala. Hapana mahali panaposemwa kwamba moyo ulimsumbua. Ndipo Mungu alipomtuma nabii Natani, naye Natani hakuanza kwa kumkaripia. Alimsimulia habari ya tajiri mwenye kondoo wengi, aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja tu, aliyelelewa kama mtoto ndani ya nyumba, ili amchinjie mgeni. Daudi aliposikia akawaka hasira, akasema kwamba mtu wa namna hiyo astahili kufa. Natani akamjibu kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Daudi alizijua amri. Hukumu yake ilikuwa ya haki tena ya haraka, ila hakuitambua sura ya mshtakiwa. Kwa hiyo wajidanganya wale wadhanio kwamba mtu akijua katekismu yote kwa moyo amekwisha kujijua. Mtu aweza kuzitaja Amri 10 za Mungu pasipo kukosea neno, na asijione hata mara moja ndani yake. Macho ya mtu hutazama nje. Ili ajione yampasa atafute maji yaliyotulia, au mwenzake wa kumwambia kweli.

Daudi alikuwa na Natani. Watu walio wengi hawana nabii wa kuwaendea nyumbani. Lakini Kanisa limewapa Natani mdogo wa kila jioni, nao ndio uchunguzi wa moyo.

Kwa nini mkatekumeni aanze sasa

Yawezekana mkatekumeni akawaza hivi: “Uchunguzi wa moyo ni kazi ya waliobatizwa, waendao kuungama kwa Padre. Mimi bado. Siku ya ubatizo dhambi zangu zote zitaoshwa. Basi kwa nini nijisumbue kuzihesabu?”

Jambo la kwanza ni kweli kabisa. Ubatizo waondoa dhambi ya asili na dhambi zote alizozitenda mtu mwenyewe, pamoja na adhabu zake. Lakini haumwondolei mtu mazoea yake. Mlevi aliyebatizwa katika usiku mtakatifu wa Pasaka, Jumatatu atapita mbele ya mlango ule ule wa kasiksi, na rafiki wale wale watamwita kwa jina lake la zamani. Miguu yake yaijua njia. Neema atakuwa nayo, naam, lakini neema haimfumbi mtu macho. Ampasa ajue mlango ule uko wapi na ni saa ngapi autamanipo.

Kwa sababu hiyo Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wasiharakishe kubatiza, bali watu wazima wafundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka 4. Wapo waliomwona kuwa mkali mno. Hata hivyo miaka ile haikuwa ya kujifunza sala tu, maana sala zaweza kushikwa kwa miezi michache. Ilikuwa ya kumwezesha mtu ajifahamu: ajue ni wapi huanguka, na ni nani humsukuma.

Jinsi ya kufanya

Mtu mmoja aliyewafundisha wengi njia hii alikuwa askari. Jina lake ni Inyasi wa Loyola, aliyezaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Hispania. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu, akalazwa kitandani muda mrefu. Hakuwa na kazi ya kufanya isipokuwa kusoma na kuwaza. Akaanza kutambua jambo dogo. Akiwaza fahari ya vita na sifa za ulimwengu alifurahi, lakini mawazo yakiisha kupita moyo ulibaki mkavu. Akiwaza maisha ya watakatifu alifurahi vilevile, na furaha ile ikabaki. Wengine wangelala usingizi. Yeye akajiuliza sababu yake ni nini. Kutoka swali hilo la mgonjwa kitandani kilitokea kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Baba Mtakatifu Paulo wa Tatu alikithibitisha mwaka 1548.

Uchunguzi wa jioni alioufundisha Mtakatifu Inyasi una hatua 5, na zote zaweza kufanywa kabla mshumaa mfupi haujaisha. Kwanza mtu amshukuru Mungu kwa mema ya siku ile. Wengi huruka hatua hii wakikimbilia dhambi. Wakosa, kwa maana mtu asiyekumbuka alichopewa hawezi kuona alichoharibu. Pili aombe mwanga wa kujiona. Tatu aipitie siku yake tangu alipoamka, saa kwa saa, katika mawazo, maneno na matendo. Nne aombe msamaha. Tano akusudie kujirekebisha kesho, kwa neema ya Mungu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyo na kazi. Kuipitia siku maana yake ni kurudi mahali penyewe: barabarani, shambani, jikoni, sokoni. Mwanamke auzaye makaa ajiulize, je, katikati ya gunia lile alilofunga asubuhi mliwekwa makaa au vumbi? Auzaye viazi vya Kibumba ajiulize kwa nini vile vikubwa vyote vimekaa juu. Auzaye maharagwe akitazame kile kipimo chake cha bati, ambacho kitako chake kimepigwa nyundo kikaingia ndani, nani alikipiga? Kijana wa pikipiki, aliyemwambia abiria katika simu kwamba amekwisha kufika, hali yu bado anafunga viatu nyumbani, ajue kwamba alisema uongo kabla ya kumeza chai. Jambo dogo, ndiyo. Lakini yule aliyesimama mvua ikimnyea hakuliona kuwa dogo.

Wala mtu asiishie kwenye tendo. Aulize: kwa nini? Hapo ndipo maarifa yanapoanza. Mfano: mume fulani, kila siku ya soko, akirudi nyumbani jioni hugombana na mkewe. Mara chakula ni baridi, mara mtoto analia. Akijichunguza kwa haraka atasema, “Nimekasirika leo, ee Mungu unisamehe,” kisha atalala, na juma lijalo atakasirika tena. Lakini jioni moja aipitie njia yote. Aliuza nini? Alipata fedha kiasi gani? Alisimama wapi kabla ya kufika nyumbani? Ataona kwamba hasira haikuanzia kwenye chakula baridi. Ilianza kwenye kona ya njia, alipoingia kunywa na kuacha huko nusu ya fedha ya chumvi na sabuni. Afikapo mlangoni ana aibu, na aibu ikikosa pa kujificha huvaa nguo za hasira. Basi mtu huyo hata akikusudia mara 100 kutomkasirikia mke wake, atashindwa. Na akusudie kuipita kona ile bila kusimama.

Mwafrika mwenzetu wa kale, Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Aljeria, alitumia kurasa nyingi za kitabu chake cha Maungamo kwa ajili ya matunda tu. Alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba usiku matunda ya mti wa jirani. Hawakuwa na njaa. Nyumbani kwake yalikuwako matunda mazuri zaidi. Waliyaonja kidogo, mengine wakawatupia nguruwe. Baada ya miaka mingi, akiwa amekwisha kuwa askofu, Augustino aliuliza bado: kwa nini? Akaona kwamba kama angalikuwa peke yake, asingaliiba. Alipenda kuwa pamoja na wale waibao, na aliona haya kuonekana hana ushupavu. Mtu atacheka, askofu mzima kujisumbua kwa matunda ya utoto! Lakini kijana wa Goma aliyepanda ukuta pamoja na kundi lake, au aliyemchapa mtoto wa mitaani kwa kuwa wenzake walikuwa wakimtazama, huyo hatacheka.

Kuhusu kosa moja moja, Mtakatifu Inyasi alitoa shauri lifaalo sana kijijini. Mtu achague kosa moja tu analotaka kulishinda. Asubuhi akusudie kujilinda nalo. Kila aangukapo mchana, aweke mkono kifuani, jambo awezalo kulifanya hata katikati ya watu pasipo wao kujua. Adhuhuri na jioni ahesabu, aandike alama katika mstari wa siku ile, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Asiyejua kuandika atie maharagwe makavu katika mfuko wa kulia, na kila aangukapo ahamishe punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Usiku maharagwe hayasemi uongo.

Kijana wa forodhani

Je, mambo haya madogo yafaa nini siku ya hatari kubwa? Habari ya mtu wa Goma yenyewe yajibu.

Floribert Bwana Chui Bin Kositi alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Goma. Akiwa kijana alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, iliyoanzishwa mjini Roma mwaka 1968, ambayo watu wake hukusanyika kusali pamoja na huwatumikia maskini kama rafiki. Floribert aliwaendea watoto wa mitaani, wale ambao mji huwaita maibobo na kuwafukuza. Aliwajua, akawasaidia warudi shuleni. Alikuwa na mchumba, na maisha yalikuwa mbele yake.

Akapata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, iitwayo OCC. Kila atokaye kijijini kwenda Goma ajua jinsi mji ule ulivyogusana na Gisenyi ya Rwanda. Mpaka wapita kati ya nyumba na nyumba, na vyakula vingi vya mji vimezoea kuja kwa njia hiyo. Kazi ya Floribert ilikuwa kuvitazama vyakula vilivyoharibika, na kuvizuia visiuzwe. Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Floribert akaukataa. Wenye mali wakamwahidi fedha aufumbie macho. Akakataa. Wakamsihi, wakazidi kumshurutisha. Akakataa.

Mkatekumeni asiipite habari hii upesi, bali akae mezani pa kijana yule. Mshahara si mkubwa. Fedha iko mbele yake, na huko watu huiita kwa jina la upole, matabishi, kama kwamba ni shukrani tu. Walao mchele ule hawajulikani. Hakuna hata mmoja aliyesimama mlangoni akilia. Wakubwa hawatamlaumu. Rafiki watasema ana akili. Baba Mtakatifu Fransisko, alipowahutubia vijana mjini Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, alikumbusha jambo hilo hilo: Floribert angeweza kuuacha mchele upite, wala hakuna ambaye angalijua, na yeye angalifaidika.

Lakini Floribert alimweleza mtawa mmoja rafiki yake aliyoyawaza. Fedha ile, alisema, ingekwisha upesi. Bali watu watakaokula chakula kile, itakuwaje kwao? Naye akajiuliza kama anaishi katika Kristu, na kama anaishi kwa ajili ya Kristu. Kwa hiyo hakuweza kuipokea fedha, hata kama angekufa.

Na aufikiri kila mtu uzito wa maswali hayo. Floribert hakuishia kuuliza sheria ya ofisi yasemaje, ingawa aliijua. Hakuuliza wengine hufanyaje. Aliuliza yeye ni nani, na aishi kwa ajili ya nani. Swali kama hilo haliwezi kubuniwa siku ile ile fedha iwekwapo mezani. Siku hiyo moyo una kelele nyingi mno. Huulizwa kwanza siku za kawaida, juu ya mambo ya kawaida, mpaka moyo uzoee kulisikia. Mtu asiyejijua huwaza kwamba yeye hanunuliki. Kumbe ana bei, ila haijui bado. Huijua siku amekwisha kulipwa.

Jumamosi tarehe 7 Julai 2007 Floribert alitekwa. Jumatatu, tarehe 9, maiti yake ilipatikana, yenye alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Tarehe 25 Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alithibitisha kwamba Floribert aliuawa kwa ajili ya imani; na tarehe 15 Juni 2025, Sikukuu ya Utatu Mtakatifu, Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza kuwa Mwenye Heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, Baba Mtakatifu akiwa ni Leo wa Kumi na Nne. Wengi hudhani mashahidi wa dini ni watu wa zamani tu, waliotupwa mbele ya simba au kuchomwa moto kama wale wa Uganda. Huyu alikufa kwa sababu ya mchele uliooza na watu ambao hakuwajua majina yao.

Yanayowazuia watu

Wako waanzao uchunguzi wakauacha baada ya siku 3. Mara nyingi ni kwa ajili ya udhuru mmoja wa zamani: “Wote hufanya hivyo.” Auzaye makaa asema, “Nikijaza makaa mema, mwenzangu atauza kwa bei ya chini, watoto wangu watalala njaa.” Neno hili lisidharauliwe. Lasemwa na watu wenye njaa ya kweli, hasa katika nchi iliyopigwa vita mara nyingi, ambamo mama aweza kuhamishwa na jembe lake mara 3 kwa mwaka mmoja. Padre au katekista anayelijibu kwa hasira hajapata kubeba gunia. Hata hivyo mama huyo mwenyewe ajibu swali moja: yule anunuaye gunia la vumbi, watoto wake hawalali njaa? Kisha atafute pamoja na wenzake wauzao mahali pamoja jinsi ya kupatana juu ya kipimo kimoja, maana liko kosa ambalo mtu mmoja peke yake hulishinda kwa shida, na wanawake 10 wakiafikiana hulishinda kwa siku moja.

Wako wengine wajichunguzao kwa kumtazama jirani. Wakifika kwenye uchoyo, wamkumbuka shemeji. Wakifika kwenye masengenyo, waona kinywa cha mke wa mwenyekiti wa kijiji. Yule Mfarisayo katika Injili ya Luka alipanda hekaluni akafanya uchunguzi wa namna hiyo: aliutaja mfungo wake na zaka zake, na alipotafuta dhambi aliiona kwa mtoza ushuru aliyesimama nyuma. Alishuka nyumbani kama alivyopanda.

Na wako, wachache lakini wapo, waogopao mno. Hawa huhesabu dhambi pasipokuwa na dhambi. Wakikohoa katika sala hudhani wamemtukana Mungu. Usiku hawalali. Watu hawa wasiongezewe hesabu! Wafupishe uchunguzi, wakae zaidi katika shukrani, na wamfuate katekista au Padre wao kwa utii. Mganga mwema hafunui kidonda kila saa kukitazama. Yuda na Petro wote wawili walijua wazi walilolitenda usiku ule. Mmoja akajitazama yeye peke yake, akaenda kujinyonga. Mwingine akatazamwa na Bwana, akatoka nje akalia, na baada ya siku si nyingi akaulizwa mara 3 kama ampenda.

Zoezi la juma hili

Asukumaye chukudu lenye shehena ya kabichi kutoka Kibumba hulitazama gurudumu lake na kile kipande cha mpira cha kuzuilia kabla hajaanza mteremko. Katikati ya mteremko hakuna nafasi ya kutazama. Vivyo hivyo mkatekumeni na aanze katika juma lisilo na hatari.

Jumapili jioni achague kosa moja tu, lile ambalo mkewe, au mumewe, au mama yake angelitaja kwanza akiulizwa. Kama halijui, amwulize. Ajiandae kusikia jibu bila kujitetea. Jumatatu asubuhi atie maharagwe mfukoni. Kila usiku, watoto wakiisha kulala na kabla mlango haujafungwa, apige magoti, apite hatua zake 5, ahesabu punje zilizohamia kushoto, na mbele ya kila punje aulize: ilikuwa wapi, ilikuwa saa ngapi, nani alikuwako? Asiyeweza kupata maharagwe afunge mafundo katika kamba. Jumamosi usiku alinganishe siku 6 zote, aione siku iliyokuwa na mafundo mengi kuliko nyingine. Jumapili baada ya Misa amweleze katekista neno moja tu: si idadi ya mafundo, bali jina la ile kona ya njia.